App ya kuhariri podcast ilivyofagia salamu za shangazi yangu

Habari za humu wakuu. Hili limenitokea mwenyewe, na shangazi yupo. Ukibisha njoo Mchafukoge umuulize.

Nina podcast yangu changa kuhusu wafanyabiashara wa Kariakoo. Kuhariri kwa kukodolea macho mawimbi ya sauti kulinishinda. Nikaanza kutafuta zile app zinazoandika kila mlichosema: ukifuta sentensi kwenye maandishi, na sauti yake inaondoka.

Raha tupu!

Ya kwanza ya bure. Kiswahili ilikiandika kama mtu mwenye homa. Nikaifuta.

Ya pili, wakuu, ilinyoosha Kiswahili mpaka nikacheka peke yangu. Halafu ina kitufe cha kuondoa ukimya na marudio yote. Nikabonyeza.

Mgeni wa kipindi hicho alikuwa Shangazi Rukia, muuza khanga. Nilimbembeleza sana, akakubali kwa sharti moja: asikilize kwanza, asipopenda haitoki.

Nikampelekea dukani, kichwa kimevimba. Akavaa earphone. Uso ukabadilika.

"Salamu zangu ziko wapi?"

"Shangazi, siku hizi watu wanaenda moja kwa moja kwenye mada."

"Yaani naingia kwa watu bila hodi? Watasema Rukia hakufunzwa kwao. Haitoki hiyo!"

Nilinyong'onyea jamani. Kurudi kwenye rekodi ya mwanzo, nasikia anawauliza wasikilizaji: nyumbani salama, watoto salama, majirani salama, biashara salama... App imeona "salama" zimerundikana, ikadhani ni marudio, ikafagia zote. Na vicheko vyake juu.

Nikahamia ya tatu. Kiswahili chake cha wastani, unasahihisha hapa na pale. Ila inachotaka kukata inakipigia mstari tu, inakusubiri uamue. Nikazirudisha salamu zote. Ndefu kweli, nikajikaza.

Shangazi akasikiliza mpaka mwisho, anatabasamu.

"Sasa huyu ndiye mimi. Itoe."

Nikaitoa, nikakaa kusubiri maswali ya khanga. Comment ya kwanza ikatoka kwa msikilizaji wa Tabora: "Huku salama Bi Rukia, watoto hawajambo. Sijui huko kwako?"

Zikafuata nyingine za hivyo hivyo. Nilipomsomea, shangazi alifuta machozi kwa khanga ya kuuza.

Nilichojifunza: kabla hujasifia app kwa spidi, angalia kama inakuuliza kabla ya kukata.

Nyie mnatumia ipi? Shusheni uzoefu, ila anzeni na salamu. Shangazi yuko hapa pembeni, anasoma.