Kereng'ende na Mpunga wa Shangazi

Riwaya yangu ya kwanza inaanza na kereng'ende anayeruka juu ya maji. Sentensi hiyo niliiandika upya mara kumi na saba, kisha nikaisoma mbele ya wenzangu wa kundi letu la waandishi, ambao tunakutana nyuma ya stationeri moja hapa Ifakara na kusifiana mpaka soda ziishe. Walipiga makofi. Nikalewa makofi hayo, nikatangaza kwamba hata picha ya jalada nitaipiga mwenyewe: kereng'ende hewani, mbawa zote nne zikionekana. Mchapishaji akanipa hadi Jumamosi.

Kamera niliazima kwa shemeji yangu, mpiga picha wa harusi na kipaimara.

"Ijumaa jioni iwe hapa," alisema. "Jumamosi nina bibi harusi. Bahati nzuri yeye haruki."

Siku tatu nilikimbiza kereng'ende kando ya mto Lumemo. Nikapata picha nyingi za mahali ambapo kereng'ende alikuwa ametoka. Nikapata kiatu changu. Nikapata ng'ombe wa watu, wazi kabisa, kila unywele unaonekana, kwa sababu alisogea kuangalia nimepotewa na nini.

Ijumaa asubuhi nikaenda shambani kwa shangazi. Mpunga ulikuwa umeshaanza kuinama, na ndege aina ya kwelea walikuwa wameshapata taarifa. Msimu huo kila shamba huwa na dungu, kichanja cha miti ambacho mtu hukaa juu yake kutwa akifukuza ndege. Shangazi alikuwa juu ya lake, debe bovu miguuni na fimbo ya kulipigia mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja kunisaidia au umekuja kuandika?"

Huniita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake, na hunigombeza kwa sababu sikurithi kingine.

Nilikimbiza kereng'ende juu ya tuta la jaruba, nikateleza, nikaingia kwenye maji mpaka kiunoni huku kamera nimeinyanyua juu kama padri anyanyuavyo kikombe. Shangazi alicheka hadi dungu likalia.

"Sasa unamfukuza wa nini? Huyo ana kiti chake. Tazama lile tete."

Nikatazama. Kereng'ende aliondoka juu ya tete, akazunguka, akakamata mbu, akarudi kukaa palepale. Akaondoka tena, akarudi tena.

"Kama wazee wa kanisani na mabenchi yao," shangazi alisema.

Mimi katika riwaya nilikuwa nimemwita "roho isiyo na makazi".

Saa nne shangazi alishuka. Ilikuwa zamu ya jumuiya yao kufagia kanisa.

"Nakuachia dungu, baba. Ndege wakija, piga debe. Picha baadaye."

Nikaapa. Alipopotea njiani, nikashuka, nikapiga magoti kwenye tope, nikaelekeza lenzi juu kidogo ya tete, nikangoja mwenye kiti. Akaja, nikachelewa. Akaja tena, nikawahi mno. Nyuma ya tete nikasikia kitu kama mvua ikishuka juu ya mpunga. Nikajiambia: mara moja tu. Kisha mara moja nyingine. Hatimaye akaning'inia hewani, miguu mbele kama mtu anayetaka kukaa, mbawa nne wazi. Nikabonyeza.

Nilipiga yowe la furaha, na lile yowe likafanya kazi ya debe: mvua yote ikainuka kutoka kwenye mpunga, ikaruka zake. Kona nzima ilibaki na masuke yaliyosimama wima, matupu.

Shangazi aliporudi nilimwambia ndege walikuja nilipoenda kujisaidia. Alitazama ile kona kwa muda mrefu. "Haya," alisema. "Tumbo ni tumbo."

Picha ilipendwa. Mchapishaji alisifu ule ukungu wa kijivu nyuma ya mdudu. Katika kundi letu mmoja alisema ukungu ni historia, mwingine akasema ni kifo. Niliwakubalia wote wawili.

Kitabu kilipotoka nikampelekea shangazi. Alikisogeza mbali na macho, akakileta karibu.

"Umempata," alisema. Nikavimba. Halafu akaweka ukucha wake juu ya ukungu. "Na hawa?"

"Ni ukungu, shangazi."

"Ukungu una midomo?"

Nikainama kulitazama jalada.

"Siku ile ulikwenda kujisaidia."

"Ndiyo, shangazi."

"Na kamera?"

Kitabu alikiweka kabatini, karibu na sanamu ya Bikira Maria, jalada likitazama sebuleni, ili kila mgeni aulize na yeye apate nafasi ya kueleza. Mimi msimu huu nimepewa dungu. Naandika haya juu yake kwa penseli, debe katikati ya miguu, sentensi moja kati ya kelele mbili. Kereng'ende yupo pale kwenye tete lake. Simwangalii.