Maiti Aliyeitika Shikamoo

Mimi ni fundi simu pale Mafiga, mjini Morogoro, ila wengi wananijua kwa ubishi. Kibandani kwangu nauza na filamu pia, mtu analeta flashi namjazia, na za vita ndizo zangu. Nikikaa mbele ya filamu ya vita siangalii nani anashinda. Nahesabu risasi. Bunduki ya risasi tano ikipiga mara ya sita bila kujazwa, nasimamisha picha na kuwaita majirani waje waone aibu. Mke wangu anasema nimemharibia kila filamu aliyowahi kuipenda.

Aliyenivumilia ni mmoja tu, Mzee Dominiko. Huyu ni mkulima wa Mgeta, huko milimani Uluguru, karoti na njegere, mtu wa misa na kwaya, mwembamba, amepita sitini na bado anapanda na tenga kichwani kwenye zile njia zao ambazo mimi nikizipanda mikono mitupu napumua kama nimefukuzwa. Ujanani alikaa mjini akipakia magunia kiwandani, na kiwanda kilipofungwa akarudi mlimani bila kinyongo, akasema afadhali kubeba mzigo wake mwenyewe. Akishuka Morogoro huja kumwona dada yake, Agnes, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye mtaa mzima tunamwita Mama Judith kwa jina la binti yake. Chai ya dada ikiisha anahamia kwangu. "Abuu mwanangu, tuwekee vita," anasema, na anavua kofia kabisa, kwa heshima zote.

Kumbe naye alikuwa mtafuta makosa, ila si kama yangu. Siku moja askari kama mia mbili walikuwa wanapanda kilima kwenye skrini, mimi nahangaika na risasi, yeye akauliza, "Hawa wanakula nini?"

"Sijui, mzee."

"Na maji? Na yale mahema tuliyoyaona jana yake, nani kayabeba?"

Nikarudisha picha nyuma. Tukatafuta pembeni, tukatafuta nyuma ya farasi, hakuna mtu mwenye mzigo hata mmoja. Mahema yalikuwa yamehama yenyewe. Mzee Dominiko akavaa kofia yake. "Vita isiyo na wapagazi ni ya uongo," akasema, akainuka kwenda kuaga. Niliumia, maana nimehesabu risasi miaka mingi na siku zote sikuwahi kufikiria ugali.

Sababu ya ukali wake niliipata kidogo kidogo. Mjomba wa mama yao, jina lake Kobelo, alichukuliwa upagazi katika ile vita ya Mjerumani na Mwingereza, mwaka 1916, ilipoizunguka milima ya Uluguru. Alitwishwa sanduku akaondoka na msafara, na habari zake zikaishia hapo. Hakuna aliyeona mwili, kwa hiyo ukoo haukuweka matanga. Sasa kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na marehemu jina lake hupewa mtoto wa ukoo ili lisipotee. La Kobelo hakulirithi mtu. Lilibaki limening'inia, si la aliye hai wala la aliyekufa.

Halafu Judith, binti wa jirani yangu, akajifungua mtoto wa kiume. Mzee Dominiko alishuka siku hiyohiyo aliyosikia, na ugomvi wao niliusikia wote kupitia ukutani bila kulazimika kutega sikio.

"Dada, huyu ndiye wa kupewa Kobelo."

"Jina la ubatizo linamtosha. Anaitwa Tomasi."

"La ubatizo sawa, lakini la ukoo je?"

"Dominiko, yule mtu alikufa njiani na njaa, hata wa kumfumba macho hakuwepo. Unajua ana kinyongo kiasi gani na sisi? Nimtwishe mjukuu wangu kinyongo cha mtu mzima?"

"Wanangu mimi ni wa ukoo wa mama yao. Huyu ndiye wetu. Tukiondoka mimi na wewe, nani atajua kwamba Kobelo alikuwepo?"

"Nimesema hapana."

Na Mama Judith ndiye mkubwa wa ukoo kwa upande ule. Akisema hapana, imekwisha. Mzee alikuja kibandani akakaa, akakataa hata vita. Nilimwonea huruma ya kweli, maana si mtu wa kununa.

Miezi haikupita mingi akanipigia simu kutoka Mgeta, anapiga kelele utadhani sauti inatakiwa ifike Mafiga bila simu. "Abuu! Kuna watu wa filamu huku! Filamu ya ile vita yenyewe! Na wanatafuta wapagazi!"

Mwongozaji alikuwa dada mmoja wa Dar es Salaam, Angelina. Vijana wote wa Mgeta walitaka kuwa askari. Mzee Dominiko alimfuata akaomba kitu ambacho hakuna aliyekitaka: awe mpagazi anayeanguka na mzigo na kufa pale njiani. Akapewa. "Dada si mjinga, anajua filamu ni filamu," aliniambia. "Lakini macho nayo yana njaa yao. Akimwona mtu anaanguka, anafumba macho, amepumzika, huenda moyo ukakubali kwamba yule mtu kafa na yameisha."

Siku ya kupigwa picha ile nilipanda na lori tupu linalofuata mboga. Vita inatengenezwa Mgeta mimi nikae Mafiga? Nilipofika tu nikaona makosa. Bunduki za mbao, hiyo sawa, lakini zile bunduki za zamani za maaskari wale zilikuwa zinatoa moshi wa kuficha nyumba. Nikamfuata Angelina nikamweleza. "Kaka, moshi utawekwa kwenye kompyuta," akasema.

Mzee Dominiko alikuwa amejitengenezea ngata yake ya kuwekea mzigo kichwani, ya majani makavu ya mgomba. Walimpa ya sponji, akaikataa. Msafara ukaanza kupanda. Akatembea na lile sanduku, akayumba, akapiga goti moja, halafu la pili, akalala ubavu taratibu na sanduku likabingirika pembeni. Wapagazi wenzake wakampita, maaskari wakampita, kamera ikabaki juu yake peke yake, nzi ametua mdomoni na yeye hatikisiki. Sijawahi kuona mtu akifa vizuri namna ile, na nimeona wengi.

Vijana wa Angelina walikuwa wameifunga njia kubwa juu na chini. Lakini Mgeta kila baada ya matuta mawili kuna kijia, na watu wa Dar wangevijulia wapi? Kutoka kwenye njegere akatokea Juliana, mama mmoja jirani wa mzee, tenga la karoti kichwani, analiwahi lori. Akamwona mtu mzima anayemfahamu amelala na mzigo wake pembeni.

"Shikamoo mjomba. Umepumzika?"

Na maiti, macho yamefumbwa, nzi palepale, akaitika kwa sauti ya chini kabisa, "Marahaba, mwanangu. Pita salama."

Juliana akapita salama. Mlima mzima ukaangua kicheko, Angelina akashika kichwa. Wakataka kurudia, lakini ukungu ulishaanza kushuka, na nyuma yake mvua, ya Mgeta ile isiyojua kuaga. Iliendelea mpaka muda wa wageni ukaisha wakaondoka. Kifo cha Kobelo kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa hicho.

Tulijikinga chini ya bati la dukani, mzee ameloa, bado ana majani ya mgomba kichwani.

"Nimefanya nini, Abuu? Nilimfia vizuri, halafu nikamfufua."

"Lakini mzee wangu, kwa nini uliitika?"

Akanigeukia na macho ya mshangao. "Nimeamkiwa!"

Nilimwahidi nitapigania kosa lile litolewe, kwani kama si mimi, nani? Filamu ilipokaribia kukamilika nikampigia Angelina.

"Dada, maiti haiitiki. Hii kazi naijua."

"Nani kakwambia ni maiti? Anakata roho."

"Na zile yeboyebo za plastiki, za njano, za Juliana? Mwaka 1916?"

"Miguu nimeikata kwenye picha."

"Itoeni hata sauti tu."

"Mdomo unaonekana. Na kaka Abuu, hapo ndipo filamu yangu inapopumua. Siitoi."

Nilishindwa, nasema wazi. Kipande kile kikatangulia kwenye simu za watu, na Morogoro nzima ikawa na la kusema. Wapo walioandika kwamba kosa kama hilo linaonyesha hatuwezi kutengeneza filamu za vita. Wapo waliouliza kama mwaka 1916 kulikuwa na karoti Mgeta, wengine wakajibu kwamba mapadre walishazileta, wakatukanana siku mbili. Vijana wa kijiweni wakawa wanalala chini makusudi waamkiwe. Mzee Dominiko akaacha kushuka mjini. Salamu zake zikaja na lori: nimzuie dada yake asiende kuiona filamu.

Nimzuie Mama Judith? Yule mama simu yake ni ya vitufe, kipande hakukiona, lakini masikio anayo. Alishasema kwamba mdogo wake akiigiza, yeye anakwenda, na Judith atakwenda, na mtoto atabebwa.

Ikaonyeshwa Jumapili mchana, baada ya misa, kwenye ukumbi wa parokia kulekule mlimani, madirisha yamezibwa kwa vitenge vya akina mama. Mimi nilikaa nyuma yao. Mzee Dominiko alikuwa pembeni ya dada yake, kofia mkononi, anaizungusha. Risasi zikalia na, kwa mara ya kwanza maishani, sikuzihesabu. Nilikuwa natafuta mizigo. Ilikuwepo mingi, kila mahali, juu ya vichwa vya watu ninaowafahamu.

Akaanguka. Mama Judith akasogea mbele. "Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa, dada."

Msafara ukampita. Ukumbi ulikuwa umeshaanza kuchekea pembeni, maana wote walijua kinachokuja. Karoti zikatokea. Shikamoo mjomba. Marahaba, mwanangu, pita salama. Watu wakapasuka, Juliana mwenyewe akajifunika khanga usoni, mabenchi yakagongwa. Mzee Dominiko aliangalia miguu yake. Mama Judith hakucheka. Alikaa vilevile, amesogea mbele, mpaka filamu ikaisha.

Nje kulikuwa na jua zuri. Mzee hakungoja aulizwe.

"Dada, nisamehe. Nilitaka umwone amepumzika, nikaharibu. Lile ni kosa. Hata Abuu anajua."

"Kosa kubwa, mama," nikadakia. "Kitaalamu kabisa."

Mama Judith akaninyamazisha kwa mkono bila kunitazama. "Ule mzigo ulikuwa wa nani, Dominiko?"

"Wa Kobelo."

"Na pale njiani alilala nani?"

"Kobelo. Lakini dada, aliyeitika ni mimi."

"Najua ni wewe, sura yako naijua tangu unanyonya. Ulikwenda ukalala mahali pake, na njaa yake, na mzigo wake. Akapita mtoto wa kijiji akamwamkia. Mtu mwenye kinyongo na wewe unamwamkia anaangalia pembeni. Huyu kaitika. Na kamwombea mtoto wa watu njia njema. Miaka yote hiyo mimi namwogopa bure."

Nilikuwa na hoja tatu za kumjibu, zote nzuri. Nikazimeza.

"Matanga tutayapanga na wazee wa ukoo," akasema, akageuka. "Judith, nipe mtoto."

Akampokea, akamfungua kitambaa usoni, akalitamka lile jina kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye malori, Kobelo, mara moja tu, kisha akamweka mikononi mwa mdogo wake. Mzee Dominiko alikuwa analia waziwazi mbele ya kwaya nzima. Akampa Judith kofia amshikie, akamwinamia yule mtoto aliyekuwa anatafuna kidole.

"Shikamoo, babu."

Mtoto akaendelea na kidole chake, Judith akaitika kwa niaba yake.