Tangazo Lililosema Mimi si Mwigizaji

Asubuhi niliyomwagia karani majani ya chai miguuni bado naikumbuka vizuri, mwanangu, na sioni aibu kukuambia. Wewe ulikuwa mgongoni, umelala. Nilikuwa nimepiga foleni kwenye kituo chetu cha kununulia majani, karibu na Kapkatet, tangu ukungu haujaondoka. Zamu yangu ilipofika, karani akarudi nyuma ya mizani.

"Mama Chebet, kikapu hicho sigusi. Mimi sipokei chai ya Chemosit."

Wanawake wakacheka, lakini wakasogea mbali nami.

"Hiyo ilikuwa filamu," nikamwambia. "Nilikuwa naigiza."

"Na nani aliandika 'Huyu si mwigizaji'? Si ni wewe?"

Hapo ndipo nilishindwa kuvumilia. Nikakipindua kikapu juu ya viatu vyake, nikaenda nyumbani.

Sasa wewe unataka kuigiza na kutayarisha filamu za kutisha kama mimi, kwa hivyo sikiliza. Ile ya kwanza niliitengeneza kwa kamera ya kukodi, ya kupiga picha za harusi. Mimi ndiye nilitafuta shamba, nikashona nguo, nikabembeleza majirani waigize. Na mimi ndiye nilikuwa Chemosit, lile zimwi la hadithi zetu lenye mguu mmoja na mdomo unaowaka. Nilishika tochi ndogo kwa meno, nimeifunga karatasi nyekundu ya peremende, nikarukaruka kwa mguu mmoja katikati ya chai. Mate yalinitoka kama ng'ombe. Ilikuwa kazi safi.

Lakini niliogopa ukumbi wa video utabaki mtupu. Nikaandika tangazo kwa mkono, nikalibandika mlangoni: "Mambo haya ni ya kweli. Huyu si mwigizaji." Watu wakajaa hadi mlangoni, nami nikajiona mjanja.

Nilifika nyumbani nimejaa hasira. Kogo, nyanya yako mzaa baba, alikuwa anakamua. Nilimwambia naenda kumshtaki karani mpaka afutwe kazi. Hakuinua hata kichwa.

"Ulitaka waogope. Wameogopa. Unalia nini?"

"Wananiita zimwi, Mama. Majani yangu nitapeleka wapi?"

"Karani ana makosa, mshtaki. Lakini yeye hajui kusoma moyo wako, amesoma karatasi yako. Anza kwa hiyo karatasi."

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nililibandua tangazo siku hiyo hiyo, kisha nikaketi kuiandikia kamati ya kituo barua. Wiki iliyofuata karani alipokea majani yangu, ingawa kikapu alikishika kwa vidole viwili. Na filamu zote nilizotengeneza baadaye, jina langu liko mwanzo wa kanda, kama mwigizaji. Watu wanalisoma, na bado wanapiga nduru.

Kwa hivyo watishe, mwanangu, watishe kabisa, lakini usiwadanganye mlangoni. Na ukikosewa usinyamaze; sema kosa lao, sema na lako. Mungu akupe kazi ya mikono yako, na watu watakaokuogopa kisha warudi nyumbani wakicheka. Barua yenyewe ninayo hadi leo:

"Kwa Kamati ya Kituo. Nalalamika kwamba karani alikataa majani yangu bila kuyaangalia. Yalichumwa inavyotakiwa, majani mawili na chipukizi, tena mabichi. Tangazo lililosema mimi si mwigizaji lilikuwa uongo wangu mwenyewe, na nimelitoa. Naomba majani yangu yapimwe kama ya watu wengine. Ni mimi, Mama Chebet, mkulima, mwigizaji na mtayarishaji wa filamu za kutisha."