Panga Lililopita Motoni

Fundi wa mageti hapa mjini Hamugembe akianza kuchomelea, harufu ya chuma cha moto huingia mpaka jikoni kwangu, nami huliona panga la mama juu ya mafiga.

Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia kijijini kwetu Kagoma, ndizi ziliiva kabla ya kukomaa, zikaoza ndani. Wanaume hawakukaa kushauriana. Walipita kibanja hadi kibanja, kila shamba la nyumbani, wakifyeka kila mgomba wenye jani la njano, mapanga yao yakichuruzika utomvu.

Mama alikuwa akiwatazama tangu walipoanza, akaona ugonjwa unafuata njia ya mapanga yao. Walipofika kwetu, alisimama mbele ya migomba.

“Shemeji, panga lako lipite motoni kwanza,” alimwambia baba mdogo.

“Unadhani nimekuja kukuroga?”

“Sijasema hivyo. Nimesema motoni.”

“Tukingoja moto wako, tutakufa njaa wote.”

Mama hakumpisha. Baba mdogo alitema mate, akaenda kwa jirani. Mama akaukata mgomba wetu mmoja uliougua, akaufukia, kisha akalirudisha panga kwenye makaa mpaka likatoa harufu ile.

Vibanja vya wenzetu vilibaki vyeupe, bila mgomba, cha kwetu kikabaki na kivuli. Watu wakapunguza kutusalimia, wakinong’ona kuwa mama ndiye mchawi. Mama alichagua mkungu mkubwa kuliko yote, akampelekea baba mdogo. Aliupokea kwa mkono mmoja.

Asubuhi tuliukuta njia panda, mkungu mzima, umechomwa moto.