Akaunti Mbili za Ansgar

Mume wangu Ansgar hakuwa mwizi. Naanza na hilo kwa sababu mwaka 1987, matanga hayajaanuliwa, Gregory, mkuu wake wa kazi, alisimama uani kwetu Shinyanga, sahani ya ubwabwa wetu mkononi, akasema: "Marehemu alijiwekea akaunti ya pili ya msimamizi kwenye kompyuta ya ofisi. Mtu mwaminifu anataka mlango wa uani wa nini?"

Ansgar alizaliwa Ushirombo, akapima pamba miaka mingi kabla ya kupelekwa kusomea kompyuta. Alikuwa mtu wa hadhari. Nyumbani tulikuwa na karabai, lakini koroboi aliijaza mafuta kila jioni. "Mama Anisia," angeniambia, "karabai ikizima, pampu utaitafuta kwa mwanga gani?"

Ndivyo alivyoipanga kompyuta ya ofisi yao ya pamba, waliyoitumia makarani wengi kwa pamoja. Akaunti kuu ya msimamizi aliiachia programu ndogo ya kupokea amri iliyokuja na mashine, kwenye diski ya kwanza, ile mashine inayoanzia kuwaka. Programu mpya, nzuri, inayokumbuka amri zilizopita, ilikaa diski ya pili. Hiyo akaipa akaunti ya pili, ya kazi za kila siku. Makarani wote walijua. Gregory mwenyewe alielezwa, akapiga miayo.

Tulipomzika tu, Gregory akaifuta akaunti ya pili, na ile kuu akaipa programu mpya. Haukupita muda, umeme ukakatika. Uliporudi, diski ya pili ikagoma mpaka msimamizi aingie aikague. Ataingiaje? Programu ya kumpokea imo kwenye diski hiyohiyo iliyogoma! Malori ya pamba kutoka Kishapu yamejipanga nje, na bwana mkubwa anagonga kibodi kama anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Donatus, aliyefundishwa na Ansgar, akaiwasha kompyuta kwa mkanda wa sumaku wa dharura, akarudisha akaunti zote mbili kama zilivyokuwa. "Mkuu," alimwambia mbele ya makarani, "koroboi ya Ansgar uliitupa mwenyewe."

Walicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomleta Gregory kwangu, siku moja kabla ya misa ya arobaini.

"Shikamoo, Mama Anisia. Niliteleza. Tuyamalize humuhumu sebuleni."

"Kwani ulisemea sebuleni?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Baada ya misa, watu walipojaa uani, alisimama palepale, macho chini, akaanza kumung'unya kwamba marehemu hakuiba kitu.

"Sauti, Gregory," nilimwambia. "Siku ile ulisikika mpaka barabarani."