Kambare Waliokuwa Wanapanda

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata leo ikinijia chakula hakipiti. Na kwa kuwa jana ulinisimulia, tena ukicheka, jinsi ninyi wa kituo cha vifaranga vya samaki mlivyoziba mto kwa wavu ili mchukue kambare wote wanaopanda, leo utanisikiliza mpaka nimalize. Nimekasirika, wala sifichi.

Ilikuwa miaka ya sabini, kijiji chetu cha ujamaa kikiwa bado kipya, mwendo wa nusu siku kutoka Tinde. Mimi nilikuwa mtunza bwawa la samaki la kijiji. Samaki wetu walikuwa wamezaliana ndugu kwa ndugu hadi wakadumaa, vichwa vikubwa, miili hamna. Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita mtaalamu wetu, akaniagiza nilete wazazi wa kambare kutoka mtoni, majike matano na madume matano, tupate damu mpya. Kumi tu. Alinihesabia kwa vidole kama mtoto.

Mtoni kwetu palikuwa na utaratibu. Mvua za kwanza zikinyesha, kambare hupanda kwenda kutaga kwenye majani ya mbuga iliyofurika, na hakuna aliyethubutu kuwagusa. Migono, ile mitego yetu ya kusuka kwa fito, ilitegwa wakati wakishuka, midomo ikielekea juu. Msimamizi alikuwa Mayu Nshoma, yaani Mama Nshoma kwa Kisukuma, mjane aliyelea wajukuu wanne kwa kuuza kambare wa kukausha. Nilikwenda kumwamkia, akaniruhusu kuwachukua hao kumi.

Sasa ona upumbavu. Kumi niliwapata kabla jua halijawa kali. Lakini nilitaka kusifiwa, nipige kifua mbele ya Bwana Samaki. Nikafunga wavu ukingo hadi ukingo, siku mbili nzima, nikawasomba wote waliokuwa wakipanda, matumbo yamewajaa mayai. Nikawashindilia kwenye mapipa mawili juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Nilipofika bwawani na kufunua, walikuwa wameumana na kuchubuana, wengi wamekufa, mayai yamewatoka na kutanda kama uji wa ulezi. Bwana Samaki alitazama, akageuka, akaenda zake.

Aliyesema ni Mayu Nshoma. Alikuja kwa miguu kutoka mtoni. Nikampa shikamoo, hakuitikia.

"Masanja, mimi nilikupa kumi," alisema. "Hawa walikuwa wanaenda kuzaa. Sasa wajukuu zangu watakula nini mwaka huu? Niambie wewe, maana mimi sijui."

Maji yalipoanza kupungua alitega migono yake yote, na kila asubuhi nilimwona akiitoa na majani matupu. Kabla ya mavuno aliwagawa wale watoto kwa ndugu, wawili Geita, wawili Kahama. Yule mdogo walimbandua kwenye kanga ya bibi yake kwa nguvu, na mimi nilikuwa nimesimama palepale. Mwaka uliofuata Mayu Nshoma akafariki, watoto wakiwa hawajarudi.

Na wewe unacheka!

Sikiliza basi. Wazazi wa mtoni mnawahitaji, sikatai. Bila hao vifaranga vyenu vitadumaa kama vyetu. Lakini mwombe ruhusa mwenye mto. Chukua idadi uliyopewa, ukiipata funga kazi uondoke, hata kama maji yanachemka kwa samaki. Wabebe wachache wachache, kwenye maji mengi. Wengine wote waache wapande.

Na leo hii, kabla hujanywa hata chai, nenda ukautoe huo wavu. Kisha pita nyumba kwa nyumba kwa watu wa mto ule, uwaombe radhi kabla hawajaanza kutawanya watoto wao. Mungu akutangulie, mwanangu, akupe moyo wa kutosheka, na uzao wako usikose kitoweo. Haya, inuka.