Haki ya Nyumba ya Kwanza

Alitoka kabla madam, mke wa bosi, hajaamka, abaya ameifunga upande, mkononi ana mfuko wa dawa, akafungua mwenyewe mlango wa nyuma wa gari. Huyu alikuwa mama yake bosi. Pale Malqa, mtaa wa Riyadh, sisi wafanyakazi tulimwita Mama Kubwa. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kioo cha mbele.

"Yalla," akasema.

"Wapi, Mama?"

"Mbele."

"Mbele kuna ukuta wa jirani."

Hakucheka. Akafunga mlango, akaweka mfuko mapajani.

Dada wa jikoni, Mkenya mwenzangu kutoka Nakuru, alikuwa anamwaga maji uani. Aliweka ndoo chini. "We dere, unampeleka wapi huyo mama saa hii? Bosi hajui, madam yuko kitandani, na wewe unawasha gari tu."

"Hata mimi sijui tunaenda wapi."

"Sawa. Wakikudipoti usitaje jina langu. Mimi sikujui, sijawahi kukuona."

Nikatoa gari. Kuondoka bila kujua ninakokwenda hakujawahi kunitisha. Niliacha shule darasa la sita, nikapanda lori la saruji lililokuwa linaelekea Malaba, na tangu siku hiyo sijakaa mahali nikamaliza miaka mitano. Kilichokuwa kipya asubuhi ile ni hasira. Nilikuwa nimekaa nayo siku tisa na bado ilikuwa moto.

Siku tisa kabla, nilimpeleka Mama Kubwa kwenye ofisi ya mambo ya nyumba. Alizaliwa Jeddah, akaolewa Riyadh, akazeeka Riyadh, na sasa kwa kuwa mume amekufa, alitaka kurudi kwao. Hakutaka kikubwa. Nyumba ya vyumba viwili, ya chini kabisa, isiyo na ngazi, kwa sababu magoti yake yamekwisha. Bangili zake za dhahabu alikuwa ameziuza zote. Dalali alimweleza kwamba kununua nyumba kuna ushuru, sehemu tano kwa kila mia ya bei, lakini mwananchi akinunua nyumba yake ya kwanza ya kuishi, serikali humbebea ushuru huo hadi kiwango fulani. Bila nafuu hiyo dhahabu haikutosha. Pamoja nayo ilitosha, kwa shida.

Mimi nilisimama nyuma yake pale dirishani, maana macho yake hayasomi vizuri na mimi husoma kila kitu, hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya maziwa. Kiarabu cha kusoma nilijifundisha kwa mabango ya barabarani. Karani alikuwa binti mdogo aliyefunika uso. Alibonyeza kompyuta yake, akasita, akabonyeza tena, kisha akateremsha sauti.

"Khala, haki yako imeshatumika. Una nyumba Jeddah. Ilinunuliwa miaka mitatu iliyopita kwa jina lako."

"Mimi?" Mama Kubwa akasema. "Nina nyumba? Basi nipe funguo."

Binti alitazama chini. Akaeleza kwamba nafuu hii hutolewa mara moja tu kwa mtu. Nyumba ya kwanza ni moja, hakuna ya kwanza nyingine. Akamchapia karatasi yenye maelezo ya nyumba hiyo.

Mimi sina adabu ya kunyamaza. Nikauliza, "Nani alikubali?"

"Yeye mwenyewe. Kwa simu yake, kwa namba na uso wake."

Nilikumbuka. Miaka mitatu nyuma, kwenye maegesho ya hospitali, bosi alinipigia: chukua simu ya mama, zitatokea namba, bonyeza thelathini na nane, halafu mwelekezee simu usoni impige picha. Nikafanya. Mama Kubwa aliniuliza, "Hiyo ya nini, mwanangu?" Nikamjibu, "Ya daktari, Mama," kwa sababu ndivyo bosi alivyoniambia nimjibu. Tena nilijisifu moyoni kwamba nyumba nzima mimi peke yangu ndiye ninayejua kutumia simu ya bibi. Kidole kilichomwibia ni hiki hiki ninachoandikia.

Nilimwambia siku ile ile, ndani ya gari. Nilitegemea anipige kwa kiatu. Alisema tu, "Wewe ulitumwa," na maneno yale mawili yaliniuma kuliko kiatu.

Usiku wa kesho yake alimuuliza mwanawe wakiwa mezani. Sisi tulikuwa jikoni tunakula, na mlango ulikuwa wazi.

"Mama, una chumba, una dereva, una mashine ya kupima sukari," bosi alimjibu huku anatafuna. "Nyumba ya nini? Haki ile ingekuozea bure. Mimi nimeitumia, kuna ubaya gani?"

Dada wa jikoni alinishika mkono, maana nilikuwa nimesimama. "Kaa chini," akaninong'oneza. "Utafanya nini, utampiga mwiko?"

Nilikaa. Lakini neno lile, ingekuozea, halikunitoka. Serikali imetunga jambo jema, mara moja katika maisha yako itakupunguzia mzigo upate pa kulaza kichwa, halafu anakuja mwanao, mwenye jumba lenye bwawa la kuogelea, anaona haki ya mama yake ni kama mkate uliobaki mezani. Na chumba alichokuwa anajivunia kilikuwa kando ya stoo, kimepangwa katoni za maji ya kunywa mpaka nusu ya dirisha.

Wala msidhani ni tabia ya Waarabu. Kwetu baba yangu mdogo alimwandikisha shangazi kwenye orodha ya waliokuwa hawana viwanja, kiwanja kikatoka kwa jina la shangazi, baba mdogo akakichukua, na shangazi akafia kwenye nyumba ya kupanga. Nilikuwa mtoto, nikaona watu wazima wote wanajua na wote wananyamaza. Labda ndiyo maana sikai mahali.

Basi asubuhi ile nilizungukazunguka. Barabara ya kaskazini, tukarudi, nikashuka hadi Batha, katikati ya mji, kununua mkate na chai. Kule magari ya abiria huondoka kwenda kila upande, na wapiga debe walikuwa wameshaanza. "Jidda, Jidda, Jidda! Dammam! Jidda kiti kimoja!" Niliporudi na chai nilikuta ameteremsha kioo anasikiliza.

"Hiyo nyumba ninayoambiwa ninayo," akasema, "iko wapi hasa?"

Nikaitoa ile karatasi ya karani, nikamsomea. Jeddah, mtaa wa Nuzha, ghorofa ya tatu.

"Basi twende tukaione."

"Mama, ni mwendo wa saa tisa, kumi."

"Kwani nina miadi?"

Bosi alipiga simu tukiwa tumeshaacha mji nyuma, jangwa pande zote mbili. Niliweka sauti ya wazi ili bibi asikie.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa, bosi. Anakunywa chai."

"Geuza gari sasa hivi. Usipogeuza nakuandikia huroob, unanisikia? Na gari nitaripoti limeibwa."

Huroob ni taarifa kwamba mfanyakazi amemtoroka kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini. Ukishaandikiwa, ikama yako, kile kibali cha kukaa nchini, imekufa, na polisi yeyote anaweza kukuokota barabarani. Nimeona wanaume wenye ndevu wakilia kwa neno hilo. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeshalifikiria, na kwa mara ya kwanza halikunitisha. Bosi alikuwa na madereva wengine kwa jina lake, kwa hiyo mimi alinileta kwa jina la mama yake. Gari pia, alipolinunua kwa sababu anazozijua yeye, aliliandika kwa mama yake. Kila alichotaka kukimiliki bila kuonekana anakimiliki alikitundika kwenye shingo ya yule bibi.

"Bosi," nikamwambia, "kafili wangu amekaa kiti cha nyuma. Gari pia ni lake. Nimpe simu umuombe yeye aniandikie huroob?"

Mama Kubwa akainama mbele, akamwambia mwanawe karibu na sikio langu, kwa sauti ya kumwita mtoto aje ale, "Habibi, wewe nenda kazini, utachelewa." Akanigusa bega nikate.

Simu iliyofuata ilikuwa ya dada wa jikoni. "Dere! Bosi anaruka hapa kama bisi kwenye sufuria! Mmemfanya nini?"

"Tumelitumia jina la mama yake, kama alivyofanya yeye."

"Ngoja nicheke kwanza, nitakupigia."

Mimi si Mwislamu, kwa hiyo kabla ya Makka tulishika barabara ya pembeni, ile ndefu. Nilimwomba radhi kwa kumchelewesha. Akasema amechelewa miaka hamsini, nusu saa haitamuua. Jua lilikuwa limeshuka sana tulipoingia Jeddah, na hewa ilikuwa nzito kama kitambaa kibichi usoni. Alifungua dirisha na kuiacha impige. Mimi nilikuwa sijawahi kufika. Nilitafuta njia kwa kuuliza, nikakosea mara mbili, mpaka tukasimama mbele ya jengo la rangi ya udongo lenye tangazo mlangoni: vyumba vya kupanga, kwa siku au kwa wiki. Chini yake kulikuwa na namba ya simu. Namba ya bosi.

Nyumba ya kwanza ya kuishi. Ndivyo alivyoiandikia serikali. Na hapa alikuwa anaikodisha kwa siku.

Bawabu, mzee wa Kimisri mwenye kikoti cha sufu katika joto lile, alikuja anafuta mikono. "Ghorofa ya tatu iko tupu leo. Usiku mmoja mnalipa kabla, na kitambulisho."

"Mwambie mimi ndiye mwenye nyumba," Mama Kubwa alisema.

"Hajja, mwenye nyumba ni bwana mmoja wa Riyadh. Kila mwezi mimi huongea naye."

Bibi alitoa kitambulisho chake, nami nikaitoa karatasi. Bawabu aliyaweka majina mawili jirani, akayasoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Akampigia bosi. Tulisikia sauti ikipaa kwenye simu, usifungue, usifungue. Mzee yule aliangalia karatasi, akamwangalia bibi, akasema kwenye simu, "Bwana, jina lako halimo humu," akakata. Akatoa funguo.

Halafu tukafika kwenye lifti. Ilikuwa imefungwa kwa kamba.

"Imekufa tangu Ramadhani," bawabu akasema.

Hapo ndipo nilipotamani kurudi Riyadh kwa miguu nikamkabe mtu. Haki moja ya maisha yake yote, ya mwanamke asiye na magoti, imetumika kununulia ngazi! Hata kuiuza na kununua ya chini sasa kungekuwa na ushuru wote, kamili, bila mtu wa kumbebea. Nilimwambia tutafute hoteli, nitalala garini.

"Shika mfuko," akajibu.

Alipanda. Kila kituo alikaa chini kwenye ngazi, mimi nimesimama na mfuko wa dawa, bawabu nyuma yetu amebeba kiti cha plastiki ambacho bibi hakukitaka. Hakulalamika. Alihesabu ngazi kwa sauti, kwa hasira, moja moja, kama anayemsomea mtu mashtaka yake. Hamsini na mbili. Ndani kulikuwa na makochi ambayo bado yamevaa nailoni, na vikombe sita vya wageni. Alifungua kila dirisha, akaketi kwenye kochi, nailoni ikalia chini yake.

"Si hii niliyoitaka," akasema.

"Najua, Mama."

"Lakini nimepanda. Mwanangu akinitaka, apande yeye. Mimi sishuki." Akanyoosha miguu. "Teremka ung'oe lile tangazo. Halafu tafuta pa kulala. Kesho utaniletea fundi wa lifti."

Niliteremka nikaling'oa, na kucha moja ikapasuka kwa gundi. Bawabu alikuwa ananitazama kutoka mlango wa chumba chake, chumba cha kitanda kimoja na jiko la gesi.

"Wewe ni wa nani sasa?" akaniuliza. "Wa bwana au wa bibi?"

"Wa bibi."

Alifikiri kidogo, kisha akaingia ndani, akaburuta katoni za vitunguu hadi ukutani, na kunitandikia godoro.